Ukingo wa Bwawa: Shajara ya Kuhesabu Ndege Chini ya Mlima

Wiki ya 1

Leo tumeanza kwa kamba na jiwe. Bwawa lina hatua 90 kutoka kaskazini hadi kusini na hatua 40 mashariki kwenda magharibi. Kijito kinachoshuka mlimani kinaingilia pembe ya kaskazini-mashariki, na maji yanayozidi yanatokea kusini, kwenye mtaro wa mawe. Katikati jiwe limegusa chini kwenye mita 2 na sentimita 30. Hatua moja tu kutoka ukingo wa magharibi, tayari ni mita 1. Bwawa hili lilichimbwa zamani kwa ajili ya kuhifadhi maji, kwa hiyo kingo zake zimesimama wima kama kuta za kisima. Maji ni mengi na nimefurahi, maana nadhani penye maji mengi ndipo penye ndege wengi.

Kazi tuliyojipa ni mbili: kuhesabu ndege kila wiki kwa mwaka mzima bila kuruka hata wiki moja, na kuliboresha bwawa liwe makazi yao. Tuko watatu. Tumeanza Januari kwa makusudi, kwa kuwa ndio mwezi wa sensa ya kimataifa ya ndege wa maji, ambayo imekuwa ikifanyika tangu 1967. Inatia moyo kujua kwamba siku hizi hizi kuna watu wengine wengi wamechuchumaa kando ya maji wakifanya hesabu ileile.

Ya leo: kibisi 2, kukuziwa 3, korongo wa kijivu 1, mdiria 1, mbayuwayu kati ya 15 na 20. Kitwitwi (ndege mdogo wa kandokando ya maji) 0.

Wiki ya 2

Tumekubaliana kanuni. Tunafika kabla ya jua, tunakaa saa moja kamili, na ndani ya saa hiyo tunapitisha darubini mara tatu, kutoka kaskazini hadi kusini bila kurudi nyuma. Kwa kila ndege tunaandika namba kubwa zaidi iliyoonekana kwa mpigo mmoja. Kibisi ndiye aliyetulazimisha. Ni ndege mdogo wa mviringo, Tachybaptus ruficollis, ambaye ukimtazama hivi yuko, ukipepesa macho hayupo. Anazama, anakaa chini ya maji kwa muda wa kuhesabu hadi kumi na tano au ishirini, kisha anaibukia mahali usipopatarajia. Anayejumlisha kila anachokiona atarudi nyumbani na vibisi tisa ilhali wapo wawili.

Majina yametuletea mjadala mrefu kuliko kanuni. Ndege mmoja ana majina manne kutegemea nani anasema. Huyu wa bluu anayejitosa kuvua samaki, mmoja wetu anamwita kisharifu, mwingine mdiria. Kwenye daftari tumeafikiana mdiria, na pembeni tunaongeza jina la kisayansi ili mtu mwingine akisoma asibabaike.

Mwenzetu aliuliza kwa nini naandika "kitwitwi 0" kila mara, wakati hatujamwona hata mmoja. Nikamwambia sifuri nayo ni hesabu. Hata eBird, mfumo wa mtandaoni wa kuweka hesabu za ndege ulioanzishwa mwaka 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na shirika la ndege la Audubon la Marekani, ukimaliza kuingiza orodha yako unakuuliza kama umeandika ndege wote uliowatambua. Ukijibu ndiyo, basi kutokuwepo kwa ndege kwenye orodha kunakuwa habari.

Wiki ya 4

Kibanda cha kujifichia kimekamilika. Nguzo sita, kuta za matete, tundu la kutazamia usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Tumekiweka ukingo wa magharibi ili kitazame mlima. Kwa kweli ni mandhari ya kutuliza moyo: maji mbele, mlima nyuma yake, na mawingu yakipanda taratibu.

Kibisi 2, kukuziwa 4, korongo 1, mdiria 0, kitwitwi 0.

Wiki ya 5

Kibanda tumekijenga mahali pasipofaa, na tumelijua leo.

Jua linachelewa hapa kwa sababu ya mlima. Kunapambazuka, anga inakuwa nyeupe, lakini miale yenyewe inachukua karibu saa nzima kuuvuka ukingo wa milima. Inapovuka, inakuja moja kwa moja usoni mwa aliyeketi kibandani. Maji yakawa kioo cha kung'aa na kila ndege akawa kivuli cheusi. Nilimwona bata mmoja akitua, bata wa kwanza kwenye mradi huu, na sikuweza kusema ni wa aina gani. Sikuona rangi ya mdomo wala doa la bawani. Nimeandika "bata, hakutambulika", na imeniuma.

Tulichagua mahali pa kuuona mlima, na ndege tukawaweka nyuma. Kibanda kinahamia mashariki, jua libaki mgongoni mwetu.

Wiki ya 6

Tumehamisha. Asubuhi ya kwanza upande wa pili, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hatukuona maji kabisa kwa nusu saa. Nilikaa nikisikiliza, nikapata wasaa wa kufikiri kwa nini hapa kuna ukungu kila kukicha ilhali juu kidogo mteremkoni hakuna. Usiku hewa ya mlimani inapoa, inakuwa nzito, na inateremka bondeni kama yanavyoteremka maji. Bwawa bado limeshika joto la jana. Mvuke wake ukikutana na ile hewa baridi unageuka ukungu, nao unakaa hapo mpaka jua lifike.

Ndani ya ukungu ule kibisi aliimba. Ni mlio wa kutetema, wa haraka, unaopanda na kushuka kama farasi mdogo anayelia mbali. Wa pili akamwitikia kutoka kwenye matete ya kaskazini, sauti zikaungana hadi zikawa moja.

Jambo jingine, na hili nalipigia mstari. Wakati wa kurudi tulifuata kijito kuelekea chini, mwendo wa dakika kumi kutoka bwawani, na pale maji yanapotandaa juu ya changarawe alikuwepo kitwitwi. Actitis hypoleucos, bila shaka yoyote: tumbo jeupe, weupe ukipanda kama kabari mbele ya bega, na sehemu ya nyuma ya mwili ikitikisika juu chini bila kupumzika hata anaposimama. Alipotushtukia aliruka chini kabisa karibu na uso wa maji, mabawa yakipiga mapigo mafupi ya kukakamaa.

Kumbe wapo. Wanapita dakika kumi kutoka hapa na hawatui kwetu. Kwa nini?

Wiki ya 7

Tumetengeneza kisiwa cha kuelea: mianzi, magunia, udongo juu, majani machache. Tumekifunga kwa kamba nne kwenye vigingi vinne, kamba zikiwa zimebana ili kisiyumbe. Kukuziwa mmoja alipanda juu yake ndani ya saa ile ile, akatembea na vile vidole vyake virefu akikagua kila pembe kama mwenye nyumba.

Wiki ya 8

Wiki hii sikuishia kuhesabu tu. Nilichora ramani ya bwawa na kuweka nukta kwa kila ndege aliyesimama au kula, nikatumia madaftari ya wiki zote zilizopita. Nukta 94. Kati ya hizo, 61 ziko sehemu moja: pembe ya kaskazini-mashariki, pale kijito kinapoingia.

Nilikwenda kupatazama kwa magoti. Kijito kimekuwa kikimwaga mchanga na tope miaka nenda miaka rudi, na mzigo huo umejenga kitako kinachoshuka polepole kuingia majini. Hakizidi upana wa mkeka wa kulalia watu wawili. Mahali pengine pote bwawani ukiingiza mguu unazama mpaka kiunoni. Hapo maji yanafika kwenye kifundo, yana joto, na jua linagusa chini. Nilichota kwa kopo nikamimina kwenye sahani nyeupe: konokono wadogo kama mbegu za ufuta, viluwiluwi, lava wa mbu, na lava mmoja wa kereng'ende mwenye sura ya ukali, akitembea kama mzee mwenye haraka. Kopo la maji ya kina kirefu kutoka katikati lilikuwa na vidudu viwili tu.

Basi jibu ndilo hilo. Korongo ana miguu mirefu lakini naye anahitaji mahali pa kuisimamisha. Kitwitwi anakula sentimita chache za mwisho, pale maji na tope vinapokutana. Hata bata wanaochovya vichwa hawafiki chini ya maji ya mita moja. Bwawa letu lina hatua zaidi ya mia mbili za ukingo, na zinazoweza kulisha ndege hazifiki kumi. Nilikosea Wiki ya 1. Maji tunayo tele, tunachokikosa ni ukingo.

Wiki ya 9

Tulikwenda kwa mzee mwenye ardhi. Tulipomweleza kwamba tunataka kuubomoa ukingo wa magharibi alinyamaza muda mrefu.

"Mnataka kubomoa ukingo, maji yakimbilie wapi?"

"Hayatakimbia, mzee. Hatugusi tuta la nje. Tunaulaza huu wa ndani tu, udongo wake uingie majini, uwe mteremko."

"Na bwawa litapungua?"

"Litapungua kidogo, mzee. Hatutakuficha."

Alitaka kujua kidogo ni kiasi gani. Tulimchorea chini kwa kijiti: mteremko wa hatua 25 kwa urefu, uingie majini mita 6, na kwa kila mita 10 za kuingia kina kisiongezeke zaidi ya mita 1. Akatazama mchoro, akatutazama sisi. "Haya wanangu. Lakini ule mtaro wa kusini msiuguse." Hatutaugusa.

Wiki ya 10 na 11

Majembe, sepetu, toroli moja. Tumeanzia pale kibanda cha kwanza kilipokuwa, kwa vile nyasi zilikwisha kufa. Kazi ya kulaza ukingo inaonekana ya nguvu, lakini kubwa ndani yake ni subira: ukitupa udongo mwingi kwa mpigo unazama wote na maji yanakuwa matope siku mbili. Tunashusha kidogo, tunashindilia kwa miguu, tunapima kwa pimamaji na ubao mrefu, tunashusha tena. Hatua 11 kati ya 25 zimekamilika.

Hesabu zimeshuka kwa sababu ya kelele zetu. Kibisi 2, kukuziwa 2, korongo 0, mdiria 0, kitwitwi 0.

Wiki ya 12

Kazi imesimama. Kibisi ana kiota kwenye matete ya kaskazini.

Tulimjua kwa tabia yake. Aliibuka na uzi wa gugu maji mdomoni, akaogelea moja kwa moja hadi kwenye rundo la majani oza ambalo sisi tulikuwa tunalitazama wiki nzima tukidhani ni takataka za kijito. Akapanda. Nilimtazama kwa darubini: aliketi, akajinyoosha, kisha kitu kikamshtua. Kabla ya kuondoka alivuta majani mabichi kwa mdomo, haraka haraka, kushoto, kulia, kushoto, akafunika mayai yote, ndipo akateleza majini bila kuacha hata wimbi. Ilimchukua sekunde chache. Ukipita hapo usingeona chochote ila rundo la uozo.

Mayai ya kibisi yanatagwa meupe na kugeuka kahawia kadiri majani hayo yanavyoyatia rangi. Hatukuyahesabu. Kuyahesabu ni kusogea, na kusogea ni kumfukuza. Wanaatamia kwa takriban siku 20. Mpaka vifaranga watoke na wajimudu, hakuna jembe litakaloinuliwa.

Wiki ya 13

Nimekasirika na nitaandika hivyo hivyo.

Alikuja mgeni mwenye kamera nzuri sana. Tulimkaribisha kibandani. Nilipotoka kuchukua daftari alifungua simu, akapiga rekodi ya mlio wa kibisi kwa sauti ya juu, akairudia na kuirudia ili ndege watoke kwenye matete apate picha. Wakatoka. Wote wawili waliacha kiota wakazunguka majini wakilia, wakimtafuta mvamizi asiyekuwepo. Dakika tisa mayai yalikaa bila mtu, asubuhi ya baridi. Sijui kama aliyafunika safari hii. Nilimwomba mgeni azime, akazima, akaniambia kila mtu anafanya hivyo.

Rekodi ina manufaa yake. Sisi wenyewe tunatumia programu ya Merlin kutusaidia kutambua sauti, lakini tunaiachia simu isikilize tu, haitoi mlio. Karibu na kiota rekodi ni sawa na kumgongea mzazi mlango ukimwambia kuna mwizi, ukirudia mpaka achoke. Kuanzia leo tangazo limebandikwa mlangoni mwa kibanda.

Wiki ya 14

Mvua imenyesha mlimani siku mbili mfululizo. Hapa chini ilikuwa manyunyu tu, kwa hiyo hatukujiandaa. Asubuhi kijito kilikuwa rangi ya chai ya maziwa na maji ya bwawa yamepanda sentimita 60 kwenye kigingi cha kupimia.

Kisiwa chetu kimezama. Kamba zilikuwa zimebana, maji yalipopanda zilikivuta chini upande mmoja, kikapinduka, udongo wote ukamwagika. Mteremko tuliouchimba umekatwa katikati, karibu hatua nne zimesombwa.

Nilikimbilia kaskazini nikiwa na hakika kwamba kiota kimekwisha. Kilikuwepo. Kibisi alikuwa juu yake, ametulia, maji yakipita pande zote. Kiota kile hakikujengwa juu ya kitu kigumu: kinaelea, na kimeshikizwa kwenye mashina ya matete kwa majani yaliyofungwa kilegevu, kiasi kwamba kinaweza kupanda na kushuka kikifuata maji. Sisi tulikaza kamba ili kisiwa kisiyumbe. Yeye aliacha nafasi. Nilisimama pale na koti limelowa nikimtazama ndege asiyefikia uzito wa gramu 250, na nilitamani ningekuwa nimemtazama kabla ya kufunga zile kamba.

Kibisi 2 (mmoja kiotani), kukuziwa 3, korongo 0, kitwitwi 0.

Wiki ya 15

Vifaranga watatu. Vichwa vina mistari kama pundamilia mdogo. Mama, au baba, maana wote wanafanana na wote wanabeba, aliinua bawa kidogo na mmoja akapanda mgongoni, kisha wa pili. Wa tatu aliteleza mara mbili. Baadaye kikabaki kidomo kimoja tu kinachochungulia katikati ya manyoya. Hakuna cha ziada cha kuandika wiki hii. Hesabu: kibisi 5.

Wiki ya 17

Kifaranga mmoja hayupo. Hatukuona kilichomchukua. Korongo wa kijivu amerudi na husimama karibu na matete kila asubuhi, na korongo hula vifaranga wa ndege wa maji akiwapata, lakini sina ushahidi na sitamwandikia kosa. Kibisi 4.

Wiki ya 20 hadi 23

Wale wawili sasa wanazama wenyewe. Tumerudi kazini, kwa saa mbili tu kwa siku, mchana, wakati ndege wametulia.

Mafuriko yametufundisha mambo mawili kuhusu mteremko. Kwanza, udongo mtupu hausimami. Safari hii tumefunga matita ya matete makavu, tukayalaza sambamba na ukingo, tukayapigilia vigingi, kisha udongo nyuma yake. Pili, kijito kikishuka na mzigo wa tope kinahitaji mahali pa kuutua kabla hakijafika bwawani. Tumechimba shimo la mita 2 kwa 3 juu kidogo ya mahali kinapoingilia. Maji yanaingia, yanapunguza mwendo, mchanga unazama, maji yanasonga mbele. Litahitaji kuzolewa kila baada ya mvua kubwa. Ile pembe ya kaskazini-mashariki itapata tope kidogo kuliko zamani, na tutaichunga isije ikafa kwa sababu ya wema wetu.

Kisiwa kimefungwa upya. Kamba mbili badala ya nne, kila moja na pete inayoteleza juu ya mti mrefu uliosimikwa. Nimekisukuma chini kwa mguu, kikapanda chenyewe.

Mteremko umefika hatua 25. Pimamaji inasema tumekosea mahali pawili na tumepaacha, kwa sababu pamegeuka vidimbwi vidogo na vyura wameshatangulia kuvichukua.

Wiki ya 24

Mbayuwayu wameugundua ukingo kabla ya ndege wa maji. Walishuka kama kumi na mbili kwenye tope jipya, mabawa yameinuliwa na kutetemeka ili manyoya yasichafuke, miguu mifupi ikigusa tope kwa ncha tu. Kila mmoja alipiga mdomo mara tatu au nne, akaondoka na tonge la ukubwa wa punje ya mahindi kuelekea kwenye majabali ya mlimani. Kiota kimoja cha matope kinaweza kuhitaji matonge zaidi ya elfu moja. Niliwatazama kwa saa nzima na nikasahau kupitisha darubini mara ya tatu, kwa hiyo hesabu ya leo ina pasi mbili na nimeandika hivyo pembeni.

Wiki ya 27

Tumesimika mti mkavu uliopinda juu ya maji ya kina kifupi, ukiinama kama mkono. Mdiria ameupokea siku ya tatu. Alikaa, akashusha kichwa, akakiinua, akakishusha, akipima. Samaki ukimtazama kutoka juu haonekani pale alipo kweli: mwanga hupinda unapotoka majini na kumfanya aonekane yuko juu zaidi. Mdiria anajua hesabu hiyo bila kufundishwa. Alijitosa, akarudi na samaki amemshika kwa upana, akampigiza kwenye mti mara sita, kushoto na kulia, kisha akamgeuza kwa kumrusha kidogo ili kichwa kitangulie. Akimeza kwa mkia kwanza, mapezi na magamba yatakwama kooni.

Kibisi 4, kukuziwa 5, korongo 2, mdiria 1, yangeyange 3, kitwitwi 0.

Wiki ya 28, 29

Hakuna jipya. Magugu yanaota kwenye mteremko kwa kasi nisiyoipenda.

Wiki ya 30

Leo nilijifunza kuusoma mlima. Asubuhi upepo unateremka, jua likishapasha mteremko joto upepo unageuka na kuanza kupanda, na hewa hiyo inayopanda ndiyo wanayoipanda ndege wawindaji. Saa nne kasoro kukuziwa wote waliingia kwenye matete kwa pamoja, vibisi wakazama, mbayuwayu wakajikusanya na kulia kwa ukali. Sikuona kitu. Niliinua darubini kuelekea ukingo wa mlima na nikamkuta kozi, nukta tu, akizunguka bila kupiga bawa. Walimwona kabla yangu kwa muda mrefu. Kuanzia sasa hesabu inakwisha kabla upepo haujageuka, la sivyo tutakuwa tunahesabu waliojificha.

Wiki ya 32

Tumeng'oa magugu kwa mikono, nusu ya mteremko tu. Nusu nyingine tumeiacha na mimea mifupi kwa ajili ya kukuziwa na vyura. Mwenzetu aliuliza, kwa upole, kama tuna uhakika kwamba vitwitwi watakuja. Kazi yote hii, na safu yake kwenye daftari ni sifuri thelathini na mbili. Nilimwambia sasa hivi wengi wao bado wako njiani. Wanazaliana kaskazini, kando ya mito na maziwa ya Ulaya na Asia, na huanza kushuka kusini wakishamaliza kulea. Wengi husafiri usiku. Kitakachowaonyesha mahali pa kutua alfajiri ni huu mstari wa tope linalong'aa, kama tumeuchora sawasawa.

Wiki ya 34

Ukungu ulichelewa kuondoka. Tulianza kuhesabu kwa masikio: kibisi, kukuziwa, kibisi tena. Kisha mlio mwembamba, wa juu, silabi tatu zinazoshuka, ukipita chini karibu na maji kutoka kusini. Hatukutazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja jina.

Ukungu ulipofunguka upande wa magharibi alikuwa kwenye mteremko, hatua tatu kutoka pale zilipokuwa nguzo za kibanda cha kwanza. Mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, ile kabari nyeupe begani. Juu chini, juu chini. Alitembea kwenye mstari wa maji na tope akidonoa bila kusimama, akaingia kwenye kimojawapo cha vidimbwi tulivyokosea kuvipima, akatoka upande wa pili na kitu mdomoni. Alikaa dakika 26. Nilikuwa na jua mgongoni na niliona hata mistari myembamba kwenye manyoya ya mabawa yake.

Daftari alikuwa nalo mwenzetu, yule wa swali la sifuri. Niliona mkono wake ukitetemeka kidogo alipofika kwenye safu ile.

Kibisi 4, kukuziwa 6, korongo 1, mdiria 1, yangeyange 2, kitwitwi 1.

Wiki ya 36

Kitwitwi 2. Hawapendani: mmoja akikaribia, mwingine anainua bawa moja na kumfukuza hadi mwisho wa mteremko. Hatua 25 zinaonekana ni eneo la mmoja na nusu.

Wiki ya 40

Jioni, si asubuhi, kwa sababu ya mbayuwayu wasafiri. Hawa ni Hirundo rustica, wenye koo la rangi ya kutu na mkia uliogawanyika kwa nyuzi mbili ndefu. Jua likizama wanakusanyika juu ya bwawa, mia, kisha mia kadhaa, wanazunguka, halafu ghafla wanamwagika ndani ya matete kama mchanga unaopita kwenye chungio. Nimekadiria 400 na huenda nimekosea kwa mia moja huku au kule.

Nikiwatazama huwa namkumbuka mbayuwayu mmoja. Mei 1911 huko Staffordshire, Uingereza, mwanasheria aliyeitwa John Masefield alimvisha mbayuwayu pete mguuni kwenye lango la nyumba yake. Desemba 1912 ndege huyo alikutwa kwenye shamba huko Natal, Afrika Kusini. Kabla ya pete ile watu walibishana tu mbayuwayu huenda wapi. Matete yetu ya kaskazini, ambayo Wiki ya 3 tulikuwa tumepanga kuyakata ili "kusafisha", leo yanalaza ndege waliovuka jangwa.

Ya wiki ijayo: kuzoa shimo la mchanga kabla mvua hazijaanza mlimani, kulegeza pete za kamba za kisiwa maana moja imeanza kukwama, na kumrudia mzee kumwomba hatua 15 zaidi za ukingo, upande wa kusini, mbali na mtaro.